KUONGEZA CHUMBA KATIKA FLETI ILI KUIUZA
Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa vyama vya msingi na vyama vya akiba na mikopo, Arusha



Miongoni mwa maombi yanayofikishwa mbele ya kamati za mikopo, lipo la aina moja ambalo wazee waliovianzisha vyama hivi hawakulijua. Wao walizoea mwanachama aombaye fedha za mbolea, za bati au za ada ya shule. Siku hizi hutokea mwanachama mwenye fleti ndogo mjini, ya chumba kimoja au viwili vya kulala, akaomba mkopo ili aongeze chumba kingine ndani ya fleti hiyohiyo, kisha aiuze kwa bei ya juu zaidi. Katika fomu ombi hilo huandikwa kwa maneno mawili tu: ukarabati wa nyumba. Kamati hutazama akiba, hisa na majina ya wadhamini, na kwa kuwa hesabu zimetosha, mkopo hupita. Jambo moja husahaulika kuulizwa, nalo ni mahali kitakapotoka chumba hicho, ilhali kuta za fleti hazipanuki.

Huko Poli, Akheri, Nkoaranga na kwingineko katika miteremko ya Mlima Meru, kuongeza chumba si jambo la kuumiza kichwa. Kihamba ni cha ukoo. Mwenye nyumba hupima hatua chache kando ya ukuta wake, huondoa migomba miwili au mitatu, humwita fundi, na kabla ya masika kijana aliyeoa ana mahali pa kulala. Nyumba imeongezeka juu ya ardhi. Katika fleti ya mjini mambo ni kinyume, kwani nafasi haiongezeki hata kidogo, na kitu pekee kinachoongezeka ni ukuta. Chumba kipya hukatwa kutoka sebuleni, au huchukua roshani, stoo ama sehemu ya jiko. Kwa hiyo kila chumba kinachoongezwa kina kitu kilichopunguzwa, na mnunuzi atakapofika atakiona chumba kilichoongezwa na pia nafasi iliyopotea.

FLETI NI YA NANI

Swali la kwanza linaloipasa kamati kuuliza halihusu bei ya saruji wala ujira wa fundi, bali linahusu mwenye fleti. Katika mji wa Arusha swali hili lina historia ndefu. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, mojawapo ya masharti yake kwa viongozi lilikuwa kutokuwa na nyumba za kupangisha. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, ilipitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya umma. Mwenye jengo lililokwisha kuzidi umri wa miaka kumi hakupata fidia. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwa limekwisha kuundwa tangu 1962.

Kwa sababu ya historia hiyo, katikati ya miji ya Tanzania zimo fleti za zamani ambazo wakaaji wake wameishi humo miaka mingi. Wamelea watoto na kuwaozesha humo, wamebadilisha milango na kupaka rangi mara nyingi kwa fedha zao wenyewe, na wakiziita "kwangu" hakuna jirani anayewacheka. Kisheria, hata hivyo, wao ni wapangaji, na mpangaji hana cha kuuza. Ipo desturi ya mpangaji anayeondoka kupokea kitu kutoka kwa anayeingia, na desturi hiyo watu huiita kilemba. Kilemba hakimfanyi mtoaji wala mpokeaji kuwa mwenye nyumba. Mwanachama anayekopa ili aongeze chumba katika fleti ya namna hiyo, kwa matumaini kwamba kilemba kitakuwa kikubwa zaidi, anajenga mali ya mtu mwingine kwa akiba za wanachama wenziwe. Akiijenga bila idhini ya mwenye jengo, amempa pia sababu ya kuuvunja mkataba wa upangaji. Ombi kama hilo halina haja ya kujadiliwa kwa muda mrefu.

Fleti ya aina ya pili ni ile iliyonunuliwa hasa. Zamani ilikuwa taabu kubwa kwa mtu kuwa na hati ya fleti moja ndani ya jengo la ghorofa, kwa kuwa hati ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kiwanja kizima. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 ilifungua njia, ikamwezesha kila mwenye fleti kupata hati ya sehemu yake. Vile vinavyotumiwa na wote, kama ngazi, paa, misingi na kuta za nje, vikabaki mali ya pamoja ya wenye fleti wote wa jengo hilo. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga fleti za kuuza, na wakazi wa Arusha wanazijua zile za Levolosi.

Hati ya namna hiyo huwa na ramani, na ramani hiyo inapasa isomwe na katibu mwenyewe pamoja na kuambatishwa katika jalada. Inaonyesha mwenye fleti anamiliki kutoka wapi hadi wapi. Roshani, kwa mfano, huenda ikawa ndani ya mpaka wake au ikawa nje. Ikiwa nje, kuiziba kwa tofali na kuifanya chumba cha kulala ni kujenga juu ya mali ya majirani, na siku ya kuuza jirani mmoja tu mwenye kinyongo anatosha kuizuia biashara. Hata roshani ikiwa ndani ya mpaka, ukuta wake wa nje huonekana barabarani na hubadilisha sura ya jengo zima. Kwa hiyo idhini ya umoja wa wenye fleti iletwe kwa maandishi. Maneno ya "tumeshaongea, hawana neno" yasikubaliwe.

Kuna aina ya tatu, yenye kutia mashaka zaidi: jengo la mtu binafsi ambalo sehemu zake zimeuzwa moja moja kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, huku hati ya kiwanja ikiwa bado ni moja na ina jina moja. Fleti hiyo huweza kukaliwa kwa amani kwa miaka mingi. Ugumu huja siku ya kuuza, maana mnunuzi atakayetaka mkopo wa benki ataulizwa hati, na hati hana. Mwenye fleti kama hiyo, kama ana fedha za kutumia, ni afadhali azitumie kwanza katika kupata hati.

Hapa yafaa kuondoa fikra moja ya zamani ambayo bado imo vichwani. Kabla ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichouzwa kilikuwa maendelezo, yaani nyumba, miti na mazao ya kudumu. Kwa hesabu hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba kila tofali lililoongezwa ni thamani iliyoongezwa. Sheria ya 1999 ilitambua kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani yake yenyewe. Mnunuzi wa leo analipia mahali, usalama wa hati na miaka iliyosalia katika hati, iwe ilitolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Tofali huja nyuma ya hayo yote.

UKUTA

Mwenye fleti akishatambulika, hufuata swali la ukuta. Fundi hodari wa kujenga nyumba ya chini anaweza asiwe hodari wa ghorofa, na kusema hivyo si kumdharau. Katika nyumba ya chini kosa la ukuta humdhuru mwenye nyumba peke yake. Katika ghorofa ukuta wa mtu mmoja ndio unaolala chini ya kitanda cha mwingine.

Zipo kuta zinazobeba na kuta zinazogawa. Katika majengo mengi ya zamani kuta nene za ndani ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na kutoboa mlango mpana katika ukuta kama huo bila kuweka boriti ya kushika uzito ni kuikata miguu ya jengo. Katika majengo mapya yenye nguzo na boriti za zege, kuta nyingi hugawa tu. Watu wengi hudhani kwamba basi hapo hakuna hatari, nao husahau uzito. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, wenye urefu wa mita nne na kimo cha mita tatu, una uzito wa zaidi ya tani tatu. Uzito huo unawekwa katikati ya sakafu ambayo mhandisi aliipigia hesabu ya kubeba viti, meza na watu. Ukuta wa mbao na bodi za jipsamu wenye vipimo hivyohivyo haufiki nusu tani. Hupitisha sauti, ni kweli, na mnunuzi ataugonga kwa kidole na kukunja uso. Lakini sakafu haitalalamika.

Arusha, zaidi ya hayo, ipo karibu na Bonde la Ufa. Julai 2007 matetemeko yalitokea upande wa Gelai na Ziwa Natron, na lile la Julai 17, lenye nguvu ya karibu 6, lilisikika Arusha na hata Nairobi. Kuta zilizoshikamana vema na jengo huyumba pamoja nalo, lakini ukuta uliosimamishwa katikati ya chumba bila kufungwa popote huanguka peke yake. Na bila tetemeko lolote, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha. Habari za wakati ule zilieleza kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Waliokufa walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kwenda katika shughuli zao.

Kwa hiyo kibali cha ujenzi cha Halmashauri, chini ya sheria na kanuni za mipango miji, kisihesabiwe kuwa karatasi ya kuwapendeza maofisa. Ili kibali kipatikane hutakiwa mchoro, na mchoro humlazimisha mtu aliyesomea kazi hiyo kusema kwa sahihi yake kama ukuta ule unabeba au haubebi. Sahihi hiyo ndiyo inayonunuliwa. Mwanachama hulalamika kwamba gharama ya mchoro inaweza kununua mifuko mingi ya saruji, na pengine ni kweli. Saruji lakini haitamjibu mnunuzi atakapouliza iwapo chumba kile kipo katika ramani.

DIRISHA

Hapa ndipo fleti nyingi zilizoongezwa vyumba huharibika. Mwenye fleti huigawa sebule mara mbili. Nusu yenye dirisha huifanya chumba cha kulala, na nusu ya ndani, isiyoona nje, huiita sebule. Au hufanya kinyume, mtu akalazwa gizani. Katika hali zote mbili amepata chumba kimoja na kupoteza mahali pa kukaa.

Kipimo ambacho wajenzi hukitumia mara nyingi ni kwamba eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita tatu kwa tatu, basi, chataka dirisha la karibu mita moja ya mraba, tena linalofunguka kwenda nje. Dirisha linalofungukia ukumbini au jikoni huingiza moshi na mazungumzo ya wengine. Kuhusu ukubwa, Uingereza mwaka 2015 iliweka vipimo vya nyumba mpya ambavyo chumba cha kulala cha mtu mmoja kisipungue mita za mraba 7.5 na upana wa mita 2.15, na cha watu wawili kisipungue mita za mraba 11.5. Vipimo hivyo si sheria ya Tanzania, wala hakuna haja viwe. Lakini katibu akiwa na utepe wa kupimia mkononi vitamsaidia kujua kama anaonyeshwa chumba au kabati. Kitanda cha futi tano kwa sita kina upana wa mita moja na nusu. Kikiingia katika chumba cha upana wa mita mbili hubakia nusu mita, na mlango hauna pa kufungukia.

Hali ya hewa ya Arusha nayo isisahauliwe. Mji upo juu, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi na ukungu wa Meru hushuka hadi mitaani. Chumba kisichopata jua wala upepo hushika unyevu, na baada ya masika moja ukungu mweusi huota nyuma ya kabati. Rangi mpya huuficha kwa muda, lakini pua ya mnunuzi huutambua.

Mkulima wa kahawa analielewa jambo hili bila kufundishwa. Mtu akichanganya buni mbivu na mbichi, debe lake hujaa upesi na mizani husoma zaidi. Lakini kahawa hiyo ikionjwa na kupangwa madaraja hushuka, na bei ya mnadani hushuka pamoja nayo, hata kilo zile za ziada zikawa hasara. Fleti ya vyumba viwili vyenye hewa ni daraja moja. Ikigeuzwa kuwa ya vyumba vitatu vya giza imehama daraja, ingawa idadi imepanda.

HESABU

Na iwe mfano tu, wa kufanyia hesabu. Fleti ya vyumba viwili ingeuzwa leo shilingi milioni 60. Dalali anamwambia mwenyewe kwamba ikiwa na vyumba vitatu itafika milioni 70. Mwanachama anakopa milioni 8 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya baki la deni, akirudisha sehemu sawa ya deni kila mwezi. Riba yote itakuwa shilingi 1,500,000, na chumba kimemgharimu shilingi 9,500,000. Dalali akipata asilimia tano ya bei, ile ziada ya milioni 10 inampa shilingi 500,000 zaidi ya ambazo angepata. Jumla ya matumizi ni milioni 10, na ziada iliyopatikana ni milioni 10. Mwanachama ameishi katika vumbi, amepoteza usingizi, amewasumbua wadhamini, na faida yake ni sifuri.

Hapo dalali amesema kweli. Ikiwa mnunuzi aliyefika atatoa milioni 65 na si 70, matumizi ni shilingi 9,750,000 dhidi ya ziada ya milioni 5, na hasara ni shilingi 4,750,000. Ni kweli kwamba akiuza mapema na kulipa deni mapema riba hupungua. Ni kweli vilevile kwamba akikaa miezi miwili katika nyumba ya kupanga wakati fundi anafanya kazi, kodi ya miezi hiyo huingia katika hesabu, nayo mara nyingi husahauliwa kwa sababu haikulipwa dukani.

Mwanachama huyohuyo angeweza kutumia milioni 2 za akiba yake mwenyewe kutengeneza bomba zinazovuja, nyaya za umeme zilizochakaa, sakafu ya bafu na rangi, pamoja na kuweka karatasi zake sawa. Hata bei ikipanda kwa milioni 3 tu, baada ya kumlipa dalali shilingi 150,000 amebakiwa na shilingi 850,000, wala hakuna mdhamini aliyehitajika.

Haimaanishi kwamba kila ombi la namna hii likataliwe. Zipo fleti ambazo chumba kinatoka kwa halali kabisa: sebule kubwa yenye madirisha pande mbili, stoo pana yenye dirisha, au ukumbi mrefu wa ndani ambao hauna kazi. Kuna pia familia zinazotafuta vyumba vitatu kwa sababu ya watoto wa kike na wa kiume, nazo hazina uwezo wa kununua nyumba ya peke yake Njiro au Moshono. Fleti ya namna hiyo katika mtaa wa namna hiyo hupata faida, na chama kitakuwa kimefanya kazi yake kwa kuikopesha. Inapasa ithibitishwe kwa utepe na kalamu, na bei ithibitishwe na mthamini aliyesajiliwa. Dalali hulipwa biashara inapofanyika, kwa hiyo maneno yake huelekea upande wa biashara kufanyika.

WANUNUZI HUJA NA KUONDOKA

Arusha imekwisha kupata mafunzo mawili juu ya soko la nyumba. La kwanza ni la mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na watumishi wa makao yake makuu wakatawanyika. La pili liko karibu zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa Novemba 1994, Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake mwaka uliofuata, na kwa takriban miaka ishirini majaji, mawakili na watumishi wa nchi nyingi walipanga nyumba mjini na kulipa vizuri. Wapo wenyeji waliojenga, na wapo waliogawa nyumba zao, kwa kumtazama mteja huyo mmoja. Mahakama ikafungwa Desemba 31, 2015. Aliyekuwa amekwisha kulipa deni lake alishukuru Mungu, na aliyekuwa katikati ya mkopo alibaki na vyumba na deni.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa michuano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2027, na uwanja mpya ukaanza kujengwa Arusha. Tangu hapo michuano hiyo imekuwa hoja katika kinywa cha kila anayetaka kuuza au kukopa. Mashindano ya mpira ni ya majuma machache, na mgeni wa majuma machache hanunui fleti. Mkopo wa miezi 24 haufai kusimamishwa juu ya wageni hao.

UTARATIBU WA KAMATI

Ombi likionekana kuwa na msingi, fedha zisitolewe zote kwa siku moja. Sehemu ya kwanza iwe ya mchoro, ushauri wa mhandisi na kibali. Kibali kikifika, itoke sehemu ya vifaa, na ni vizuri zaidi ikilipwa moja kwa moja kwa muuza vifaa. Sehemu ya mwisho itoke baada ya katibu na wajumbe wawili wa kamati kwenda kuona kwa macho. Utaratibu huu una faida ambayo haionekani mara moja: mwanachama akiambiwa na mhandisi kwamba ukuta haukatiki, atakuwa na deni dogo la kurudisha, si deni la milioni 8 na rundo la kokoto sebuleni.

Mwenzi wa ndoa aitwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kamati isiridhike na sahihi iliyoletwa katika bahasha. Pamekuwa na desturi mbaya ya mume kuleta karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi na kusema mama yuko shambani. Kama yuko shambani, asubiriwe arudi. Yeye pia ndiye atakayesema kama familia kweli imeamua kuhama, maana mara nyingine fleti inayosemwa kuwa ni ya kuuzwa haina mpango wa kuuzwa, na mkopo ambao ulitegemea mauzo hauna kitakachoulipa.

Risiti zote zitunzwe, za tofali, za fundi, za mchoro. Katika kuuza nyumba mkaazi hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyopata, na gharama za maendelezo huhesabiwa katika kuipata faida hiyo iwapo zina ushahidi. Fundi anayelipwa mkononi bila maandishi amempunguzia mwanachama fedha mara mbili.

Wadhamini ndio wa mwisho kutajwa, ingawa wao ndio wanaoumia kwanza. Katika vyama vya kandokando ya mlima, mdhamini mara nyingi ni shangazi, ndugu wa ukoo au jirani wa shamba, mwenye akiba aliyoiweka msimu baada ya msimu kutokana na kahawa au maziwa. Huombwa sahihi siku ya gulio, akiwa amesimama, na huambiwa kuwa ni mkopo wa kutengeneza nyumba. Hajui kwamba marejesho yanategemea mnunuzi ambaye bado hajaonekana. Fleti isipouzwa, akiba yake inashikwa, naye hana hata tofali moja katika fleti hiyo.

Kwa mikopo ya aina hii, basi, mdhamini apewe barua ya ukurasa mmoja yenye mambo manne: fleti ni ya nani na kwa hati gani, kazi itakayofanywa, kiasi cha mkopo pamoja na riba yote, na fedha ya kulipia itatoka wapi endapo fleti haitauzwa katika miezi sita. Kama mwanachama hana jibu la jambo la nne, barua iseme hivyo waziwazi. Isomwe kwa sauti ofisini mbele ya wadhamini wote kabla ya kutia sahihi, na nakala moja ibaki katika jalada la mwanachama.